Mwavuli wa Njano na Mtamba wa Bibi

Kitabu chenyewe hakikuwa kibaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu nina mdomo, na watu wangu wakisikia naanza habari za kitabu hujiandaa kunisikia nikikichambua mpaka kibaki mifupa. Hiki siwezi. Ilikuwa riwaya nyembamba ya Kiswahili, ya kupendeza, ya kusoma ukiwa umekunja miguu kwenye mkeka, na ukishaifunga unainuka kwenda kuinjika maharage bila kuwaza chochote. Jina lake nimelisahau. Jina la mtunzi nimelisahau. Hata jina la yule dada aliyebeba habari yote limenitoka, na sisi nyumbani hatukulitumia kamwe. Tulimwita Mwenye Mwavuli, kwa sababu kwenye jalada alichorwa amesimama chini ya mwavuli wa njano, anatazama pembeni kama mtu anayesubiri chenji.

Nakumbuka alikuwa karani wa ofisi mjini, nadhani Moshi. Kulikuwa na kijana fundi mitambo mwenye gari la kijani, na shangazi mtu mwenye fitina. Nakumbuka zaidi kwamba kila dada yule akipata shida alichemsha chai. Kijana asipokuja, chai. Shangazi akisema maneno, chai. Kufikia katikati ya kitabu alikuwa amekunywa birika nyingi kuliko msiba wa mtu mkubwa.

Kilitufikia Itigi kwa dirisha la treni. Ilikuwa ile miaka ambayo maduka yalianza kujaa tena. Sukari tuliyozoea kuisubiri kwa mgawo ilirudi rafuni, mitumba ikamwagwa mnadani, na kila mtu akawa mfanyabiashara, apende asipende. Baba alikuwa mmoja wa waliopunguzwa kazi reli, akafunga virago kwenda Chunya kutafuta dhahabu. Mama akaanza kuuza mayai ya kuchemsha na kuku wa kukaanga stesheni. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa, nikawa mbeba beseni wake.

Siku hiyo treni ilikuwa inakwenda Tabora. Abiria mmoja wa daraja la pili, mwanamume mwenye kofia ya kahawia, alikiegemeza kitabu dirishani ili apokee mayai kwa mikono miwili. Treni ikashtuka, kitabu kikadondoka kwenye kokoto. Mama akakiokota, akakimbia nacho sambamba na behewa, kanga moja ikamvuka, watu wakacheka. Hakumfikia. Alirudi anahema, akanikabidhi.

"Mwenyewe atarudi," akasema. "Treni ikienda hurudi. Mpaka arudi, hiki ni amana."

"Naweza kukisoma?"

"Kisome, kusoma hakukipunguzi. Ila usikizoee. Cha mtu mavi, mwanangu."

Sasa nimweleze mama mdogo, maana bila yeye kitabu hiki kingekuwa kitu cha kuwekea sufuria. Alikuwa mdogo wake mama wa kumfuatia, mumewe dereva wa lori la mbao asiyeonekana nyumbani. Mimba zake mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu ilipoanza kumsumbua mkunga wa hospitali hakuzunguka: alale, asinyanyue kitu, asichutame, mpaka mtoto akomae. Basi akaletwa kwetu, kitanda kikainuliwa miguuni kwa matofali, akalazwa pale kichwa chini miguu juu. Hakuna aliyetaja neno mtoto. Hakuna aliyenunua hata kofia. Kwetu ujauzito wa namna ile hausemwi, unalindwa tu.

Tatizo ni kwamba mama mdogo hakuumbwa alale. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya jogoo na kufagia mpaka uwanja wa jirani. Akisikia chungu kinachemka kupita kiasi, anashuka. Akisikia kuku wanaparua mtama ulioanikwa, anashuka. Siku moja tulimkuta nje ameshika mchi. Mama alikaa chini palepale kwenye vumbi akalia, na mama mdogo akawa ndiye anayembembeleza.

Kesho yake nikaingia na kile kitabu. Sikuwa na hekima yoyote, nilikuwa nimechoka tu kumlinda na nilitaka kusoma. Nikaanza kwa sauti. Alianza kwa kuguna, akaja kuuliza swali, na tulipofika pale Mwenye Mwavuli anapokutana na gari la kijani kwenye mvua, nje kuku wakaanza fujo zao na yeye hakugeuza hata shingo. Hapo ndipo nikajua nimepata kamba. Nikamwambia, "Ukiweka mguu chini, nafunga kitabu." Akanitukana kwa Kinyaturu, tusi zuri la nyumbani, lakini mguu haukushuka.

Kikwazo kilikuwa bibi. Bibi mzaa mama aliishi nasi, na alikuwa na sheria moja isiyovunjwa hata na ulevi: hadithi haisimuliwi mchana. Ukisimulia hadithi jua likiwa juu, ng'ombe hupotea. Tangu utotoni nilijua kwamba sungura na fisi hawafumbuliwi midomo mpaka giza liingie. Bibi alikuwa na ng'ombe wake wachache, waliochungwa pamoja na wa jirani, na kila jioni alisimama kando ya njia kuwapokea kwa macho mmoja mmoja. Ng'ombe wale ndio walikuwa mume wake na akiba yake, tangu babu afariki.

Aliposikia nasoma saa nne asubuhi, akaja mlangoni na ungo wake.

"Hiyo ni hadithi?" akauliza.

"Ni kitabu, bibi."

Akafikiri. Akataka akione. Akakigeuza juu chini, akakinusa, kikanuka mayai. Mwisho akatoa hukumu: kilichoandikwa hakisimuliwi, kinasomwa, kama Biblia, kama barua ya serikali. Kwa hiyo ile ilikuwa habari, si hadithi, na habari haina saa. Akavuta kigoda, akakaa mlangoni anapepeta mtama, akaniambia nirudie kwa Kinyaturu pale Kiswahili kilipozidi kuwa cha ofisini.

Basi tukawa tunasoma mchana, watatu, na kwa kuwa bibi alikuwa ameamua ni habari, tukaichukua kama habari. Mama mdogo alitaka kujua yule dada sukari ya chai zote zile anaipata wapi. "Ana jamaa dukani," akasema, "la sivyo haiwezekani." Bibi alitaka kujua ukoo wa yule kijana, na kwa nini hakuna mtu mzima aliyetumwa kwenda kuuliza kwao. Shangazi wa fitina tulimchukia kwa pamoja na kwa moyo safi. Nilikuwa na raha siku zile. Nilishindwa kwenda sekondari, baba yupo machimboni haleti habari, lakini kila asubuhi nilikuwa na watu wawili wanaosubiri mdomo wangu.

Kitabu kilikuwa chembamba, nimekwisha sema, na mwezi wa kuzaa ulikuwa mbali. Nikaanza kubana. Nasoma kurasa chache, nafunga. Nikiona zinakwisha nasema jana tulisoma vibaya, turudie. Mama mdogo alijua ujanja wangu na akaukubali, maana naye aliogopa kufika mwisho. Hakusema anaogopa nini hasa. Aliweka tu mkono juu ya tumbo, akasema, "Haya, soma taratibu."

Mama alikuwa na hofu yake peke yake. Kila treni ya kutoka Tabora ilipoingia, alikwenda na kitabu ndani ya kikapu, chini ya mayai, kimefungwa kwenye kanga, akapita madirisha ya daraja la pili akiulizia mwenye kitabu. Wajanja hawakukosekana. Mmoja alinyoosha mkono na kusema ni chake.

"Mwavuli una rangi gani?" mama akamuuliza.

"Mweusi."

"Nunua mayai, baba," mama akamwambia.

Lakini kadiri wiki zilivyokwenda niligundua jambo. Mama alikuwa anaita "mwenye kitabu, mwenye kitabu" kwa sauti ambayo hata mimi niliyesimama bega kwa bega naye niliisikia kwa shida. Mayai aliyatangaza mpaka wa behewa la mwisho wakamsikia. Mtu mwaminifu akiwa na mdogo wake kitandani anaruhusiwa kuishiwa sauti kidogo.

Haikusaidia. Siku moja dirisha likateremshwa na kofia ya kahawia ikachungulia. Yule bwana hakuwa anatafuta kitabu, alikuwa anatafuta mayai. Mama alimtambua, nikamwona anamtambua. Angeweza kupita. Mkono ukaingia kikapuni, ukatoa kanga, ukaifungua.

"Hiki chako, baba. Kilidondoka ulipokuwa unakwenda."

Yule bwana akakitazama muda. "Kumbe. Nilishakisahau hiki. Nilidhani nilikiacha nyumba ya wageni." Akakibana kwapani, akashukuru, akaendelea kuchagua mayai.

Nilingoja aseme, basi kaeni nacho. Hakusema. Na mama hakuomba, kwa sababu huwezi kumrudishia mtu kitu chake kwa mkono wa kulia ukakiomba kwa wa kushoto. Zilikuwa zimebaki kurasa kidogo sana. Mwenye Mwavuli alikuwa amesimama stesheni na sanduku lake, gari la kijani halijaja, treni inapiga honi. Nikajipenyeza mbele ya mama.

"Shikamoo. Samahani, mwisho wake inakuwaje?"

"Marahaba. Mwisho wa nini?"

"Wa kitabu."

Akakuna kichwa chini ya kofia. Alikuwa mtu mpole, na nadhani alitaka kunisaidia. "Nimekisoma mara mbili, binti, lakini sikumbuki vizuri. Nadhani wanaoana."

Nadhani! Treni ikaondoka naye na nadhani yake. Njiani nikambebea mama beseni kwa hasira mpaka mayai yaliyobaki yakapasuka. Leo namwelewa yule bwana kuliko nilivyotaka kumwelewa. Mimi mwenyewe nimesahau zaidi yake.

Nyumbani mama hakutafuta maneno. Alimwambia mdogo wake, "Mwenyewe amekuja. Nimempa." Mama mdogo akatazama dari. Akasema sawa, cha mtu ni cha mtu. Halafu nikaona mguu mmoja unashuka kutoka kwenye kitanda, ukagusa sakafu, na wa pili ukafuata. Akakaa, ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili.

"Nimechoka," akasema. "Kilichomo tumboni, kama ni kutoka kitoke. Nimechoka kulala kama gogo nikikisubiri kitoke."

Ilikuwa bado zaidi ya mwezi. Mama akaanza kumsihi. Jua lilikuwa la utosi, mlango wazi, na bibi alikuwa kwenye kigoda chake anapepeta. Ungo ukasimama.

"Yule mwenye mwavuli," bibi akasema kwa Kinyaturu, "treni haikumwacha. Alipanda."

Tukageuka wote.

"Alipanda, akakaa dirishani. Treni ilipofika hapa Itigi ikaharibika. Akashuka. Akanunua yai kwa huyu mwanangu."

Nilitazama nje, nikaliona jua lilipo. Mama alitazama nje vilevile. Hakukuwa na karatasi mahali popote mle ndani. Bibi alikuwa anasimulia hadithi mchana, mbele yetu, kwa sauti yake kamili, na macho yake hayakuwa kwetu, yalikuwa kwenye mtama.

"Haya," mama mdogo akasema polepole, "halafu?"

"Halafu nini? Siwezi kumsimulia mtu aliyekaa kama mgeni. Panda."

Akapanda. Miguu ikarudi juu.

Kuanzia siku hiyo kitabu kikawa cha bibi, na kwa kweli kikawa kitabu kizuri. Mwenye Mwavuli alipotea katika kile kichaka chetu cha Itigi, kinene hata mbwa hupita ubavu ubavu, akakutana na fisi aliyevaa koti. Fisi akajitolea kumbebea sanduku. Kumbe fisi ndiye mwenye gari la kijani, na yule shangazi wa fitina ni shangazi yake fisi, wa kuzaliwa tumbo moja na baba yake. Bibi hakusahau chochote nilichomsomea. Hata chai ilikuwamo: fisi alipotaka kuposa alichemsha chai, na sukari, bibi akasema huku akimtazama mama mdogo, aliiba kwa jamaa yake mwenye duka. Mama mdogo alicheka mpaka tukamwambia asicheke sana.

Na kila jioni bibi alikwenda kando ya njia mapema kuliko zamani. Nilimsindikiza. Alisimama ameshika fimbo, anawatazama ng'ombe wakipita, midomo inacheza.

Jioni moja mtamba wake mmoja hakupita. Alikuwa mtamba mweusi mwenye baka jeupe begani, ana mimba yake ya kwanza, ndiye bibi aliyempenda kuliko wote. Mchungaji alisema alimwona mchana pembeni ya kichaka, halafu hakumwona tena. Tulitafuta jioni ile, tukatafuta kesho yake alfajiri, vijana wakaingia kichakani na mapanga. Hatukupata hata mfupa.

Mimi nasema ng'ombe hupotea kwa sababu mchungaji amelala. Ndivyo nilivyoamini hata wakati ule, nilikuwa mtoto aliyepita shule. Lakini bibi hakuamini hivyo. Bibi alijua kwa nini mtamba wake hakurudi, alijua kama nijuavyo mimi kwamba moto unaunguza. Tulipokuwa tunarudi kutoka kichakani alinishika mkono, akasema, "Mama yako mdogo asisikie. Akisikia hatakubali kunisikiliza tena."

Saa sita mchana alivuta kigoda, akakaa mlangoni. Nilisema moyoni, leo atasingizia kuumwa. Akauliza, "Tuliishia wapi?" Mama mdogo akajibu tumeishia fisi anaoga kwa ajili ya harusi. Bibi akaendelea kutoka pale. Sauti haikubadilika. Ila mtama ukawa unamwagika nje ya ungo na yeye hauoni. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda bibi mchana ule, na sikuwa na namna ya kumwambia, kwa hiyo nikachutama miguuni pake nikaokota mtama.

Walikuwa wamebaki ng'ombe wengine, na aliendelea siku zote zilizobaki.

Mtoto alizaliwa hospitali, wa kike, mdogo lakini mwenye sauti ya kuuza mayai. Bibi alipompakata alimwita mtamba wangu, na hakumwita vingine mpaka alipofariki. Watu walidhani ni mahaba ya kibibi tu, maana kwetu mtoto wa kike akipendwa huitwa majina ya zizini. Mama mdogo naye alidhani hivyo. Nilipomwomba bibi amalizie hadithi, aliniangalia kama mwehu. "Jua hulioni?" akasema. Kwa hiyo Mwenye Mwavuli amebaki kwa fisi mpaka leo, anakunywa chai.

Juzijuzi nilikuwa Singida mjini, karibu na stendi, mtu ametandika vitabu vikuukuu kwenye gunia. Nikauona mwavuli wa njano. Ulikuwa umepauka lakini ndio wenyewe. Nikakinunua, nikakisoma alasiri moja kwenye kiti cha plastiki. Kinapendeza, sitaki kukidhulumu. Yule bwana wa kofia alikuwa sahihi, wanaoana. Jinsi wanavyofikia kuoana, na majina yote pia, nilikuwa nimeshavisahau kesho yake nilipokuwa napiga mswaki.

Nikampelekea mdogo wangu, yule mtoto. Sasa ni mtu mzima, ana mji wake Unyambwa na ng'ombe wachache wa maziwa nyuma ya nyumba, anawajua tabia kama watoto wake. Nilimwachia kitabu, nikarudi baada ya wiki. Alikuwa anamenya viazi uwanjani.

"Nimekisoma chote, dada," akasema. "Kizuri. Lakini fisi hayumo. Mama alinisimulia kwamba kuna fisi, anaoga kwa ajili ya harusi. Nimemtafuta ukurasa kwa ukurasa."

Nikakaa, nikamweleza. Nilimweleza matofali chini ya kitanda, na mguu ulioshuka, na bibi na jua la utosi. Nilipofika kwa mtamba mweusi aliacha kumenya. Nikamwambia mtamba alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kwamba bibi alikatazwa na sheria yake mwenyewe na akaendelea kesho yake.

"Kumbe ndiyo maana aliniita vile."

"Ndiyo maana."

Akajifuta uso kwa kiwiko. Kisha akasogeza beseni la viazi pembeni, akanyoosha miguu.

"Nisimulie ya bibi. Ya fisi. Yote."

"Hiyo ni hadithi," nikamwambia. "Ngoja jua lizame."

Ilikuwa saa nane mchana. Akageuka kulitazama zizi lake, ng'ombe wamelala wanacheua, akawatazama vizuri mmoja baada ya mwingine.

"Anza tu, dada," akasema.